Ekari 50,000 za Nyanda za Juu Kusini

Jumatatu, Novemba 21, 1938, Waziri Mkuu wa Uingereza Neville Chamberlain alisimama bungeni London kueleza serikali yake ingewasaidiaje Wayahudi wa Ujerumani. Siku chache nyuma, usiku wa Novemba 9 kuamkia 10, Wanazi walikuwa wamechoma masinagogi kila kona ya nchi hiyo, wakavunja maduka, wakasomba wanaume wapatao 30,000 na kuwatupa kwenye kambi za mateso. Magazeti ya dunia nzima yaliandika. Chamberlain akapitia nchi zilizokuwa chini ya bendera ya Uingereza, moja baada ya nyingine: Guiana, Kenya, Rhodesia ya Kaskazini, Nyasaland. Akafika Tanganyika. Huko, alisema, kuna ekari 50,000 hivi ambazo huenda zikapatikana, na jaribio lingeweza kuanza na walowezi wapatao 200 katika Nyanda za Juu Kusini na Jimbo la Magharibi.

Jimbo la Nyanda za Juu Kusini la enzi hizo lilianzia Iringa hadi mpakani Tunduma. Igamba, ambayo leo ni kata ya Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, ilikuwa ndani ya jimbo hilo, katika nchi ya Wanyiha. Kahawa ya Mbozi ilikwisha kuwavuta walowezi wa Kizungu, na watawala waliziona nyanda hizi kuwa zinamfaa mtu wa Ulaya: baridi ya kutosha, mvua ya uhakika, udongo mzuri. Ndiyo maana zilitajwa.

Ardhi hiyo ilikuwa na wenyewe, na wenyewe hawakuwa na mtu wa kuwasemea. Mwafrika wa kwanza aliingia Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika mwaka 1945. Mwaka 1938 gavana alihesabu ekari na London ikazitangaza. Mkulima wa Mbozi hakuulizwa kama yuko tayari kumpokea mgeni, wala kwa masharti gani. Waingereza walijifunza desturi hiyo zamani. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, baba mzazi wa huyo Neville, akiwa Waziri wa Makoloni, aliwapendekezea viongozi wa Kizayuni ardhi katika nyanda ambazo leo ziko Kenya. Mpango ule uliitwa wa Uganda, na mkutano mkuu wa Wazayuni ukaukataa mwaka 1905.

Kwa nini serikali zilihangaika kutafuta mapori ya mbali badala ya kufungua milango yao? Jibu lilishatolewa miezi minne kabla, kwenye mji wa Évian, Ufaransa. Julai 6 hadi 15, 1938, wajumbe wa nchi 32 walikutana huko kwa wito wa Rais Roosevelt wa Marekani. Masharti ya mwaliko yalisema wazi kwamba hakuna nchi itakayotakiwa kupokea watu zaidi ya sheria zake zinavyoruhusu. Basi wajumbe wakapokezana kipaza sauti kueleza huruma zao na kisha sababu zao: huku hakuna ajira, kule nchi imejaa. Mjumbe wa Australia alisema nchi yake haina tatizo la kweli la rangi na haitaki kuliingiza kutoka nje. Jamhuri ya Dominika peke yake ndiyo iliyojitolea kupokea watu wengi, hadi 100,000, na waliofika mwishowe walikuwa mamia tu.

Kenya ilipokea mamia kadhaa, nao hawakupita bila jasho: aliyetaka kuingia alidaiwa dhamana ya pauni 50, fedha nyingi kwa mtu ambaye Wanazi walikwisha kumnyang'anya mali. Miongoni mwao alikuwa wakili mmoja aliyefutiwa kazi kwa sababu ya Uyahudi wake. Bwana huyu, Walter Zweig, alijikuta akisimamia shamba la mtu huko Rongai, kazi ambayo hakuwahi kuisomea. Mkewe na binti yao mdogo, Stefanie, wakamfuata mwaka 1938. Vita vilipoanza Septemba 1939, serikali ya Kenya ikamkamata Walter kama raia wa nchi adui, kwa kuwa pasipoti yake ilikuwa ya Ujerumani. Hitler alimwona si Mjerumani. Mwingereza akamwona Mjerumani kamili. Stefanie alikua akizungumza Kiswahili, akaja kuwa mwandishi, na filamu iliyotokana na kitabu chake cha maisha hayo ilipata Tuzo ya Oscar mwaka 2003.

Huko Rhodesia ya Kaskazini, jirani wa ng'ambo ya Tunduma, walowezi wengi wa Kizungu walipinga mpango wa kuwaleta Wayahudi, na mwishowe wakaingia wachache. Tanganyika nayo ilikuwa na mkanganyiko wake. Ilikuwa nchi ya udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na Berlin ilikuwa ikidai irudishiwe. Wajerumani waliorudi tangu katazo lilipoondolewa mwaka 1925 walikuwa na mashamba katika nyanda hizo hizo, na chama cha Nazi kilikuwa na matawi ndani ya nchi. Mkimbizi angewekwa jirani na watu waliomkimbiza! Vita vikaja, na mpango wa watu 200 ukabaki kwenye mafaili.

Gavana aliyeiongoza Tanganyika kabla ya mpango huo, tangu 1934 hadi mapema 1938 alikuwa Sir Harold MacMichael. Kutoka Dar es Salaam alihamishiwa Jerusalem kuwa Kamishna Mkuu wa Palestina, na huko ndiko maamuzi yake yalikogharimu roho za watu. Mei 1939 London ilitangaza kwamba Wayahudi watakaoruhusiwa kuingia Palestina hawatazidi 75,000 kwa miaka mitano. Desemba 1940 Wayahudi 1,580 waliofika kwa meli bila vibali walisafirishwa hadi Mauritius na kufungiwa kwenye gereza la Beau Bassin. Waliachiwa Agosti 1945, na zaidi ya 120 wamezikwa kisiwani.

Meli ya Struma haikupata hata gereza. Ilitoka Romania Desemba 1941 ikiwa na watu karibu 770, injini ikafa, ikavutwa hadi Istanbul. Uturuki haikuwaruhusu kushuka bila hakikisho kwamba Palestina itawapokea. MacMichael alishikilia kwamba wasipokelewe. Wiki kumi wakakaa bandarini, wamesongamana, mji wanauona kwa macho. Baadaye Uingereza ilikubali watoto waingie, ila utekelezaji haukufanyika. Februari 23, 1942 Waturuki waliivuta meli hiyo isiyo na injini hadi Bahari Nyeusi na kuiacha huko. Asubuhi yake nyambizi ya Kisovieti iliipiga kombora. Alipona mtu mmoja.

Mwaka huohuo wa 1942 Tanganyika ilianza kupokea wakimbizi wa Kipoland kwa maelfu. Walikuwa wengi wao wanawake na watoto, Wakatoliki, waliofukuzwa makwao na Wasovieti na kupelekwa Siberia na Kazakhstan, kisha wakapitia Iran. Afrika Mashariki na Kusini ilipokea zaidi ya 18,000. Tengeru, karibu na Arusha, ilikuwa na watu wapatao 5,000, shule, kanisa na hospitali. Makaburi yao yapo hadi leo. Kambi nyingine mbili zilijengwa Ifunda, Iringa, na Kidugala, Njombe, ndani ya Nyanda za Juu Kusini zilezile. Katikati ya vita, meli zilipatikana, unga ulipatikana, nyumba za udongo zilijengwa kwa mikono ya wenyeji.

Ulinganisho huu unahitaji uangalifu. Wapoland hao walikuwa raia wa nchi rafiki, serikali yao ilikuwa uhamishoni London, na walikwisha kutoka mikononi mwa aliyewatesa. Wayahudi wengi wa Ulaya mwaka 1942 walikuwa ndani ya himaya ya Hitler, na wasingeweza kuifikia kambi ya Ifunda. Lakini hadi Oktoba 1941, Wanazi walipopiga marufuku uhamaji, sera yao kwa Wayahudi wa Ujerumani ilikuwa kuwafukuza. Aliyepata viza aliweza kuondoka. Kwa miaka hiyo mitatu, tangu Évian, kilichokosekana ni kibali, na kibali hutolewa na serikali kwa kalamu na muhuri.

Baada ya vita mataifa yaliandika Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, nchi yetu, Tanzania, ikajiunga nao Mei 12, 1964, siku 16 baada ya Muungano. Kifungu cha 33 kinakataza kumrudisha mkimbizi kwenye mipaka ya eneo ambako maisha yake yamo hatarini; kwa sheria hiyo, kuivuta Struma kurudi baharini kungekuwa na hoja ya kujibiwa. Mkataba huo haukuilazimisha serikali yoyote kumpa viza mtu ambaye bado yuko ndani ya nchi inayomtesa. Hilo kila serikali hujiamulia, na mwenye kuteswa bado anapaswa kufika mpakani kwanza ndipo sheria ianze kumlinda.