Virusi na Maradhi ya Ubongo (2): Damu Iliyotolewa Kabla ya Ugonjwa

Wiki iliyopita tulikifuata kirusi cha kichaa cha mbwa kutoka kwenye jeraha la mguuni mpaka ubongoni, kikipanda taratibu kwa njia ya mishipa ya fahamu. Ushahidi wa kesi ile ni mwepesi: mbwa yupo, jeraha lipo, na dalili zikishaanza, ni nadra sana mgonjwa kupona. Leo tunaingia kwenye kesi ngumu zaidi. Kirusi tunachokizungumzia kimo mwilini mwa zaidi ya watu wazima 9 katika kila 10 duniani, na walio wengi hawataugua chochote kikubwa kwa sababu yake. Kwa wachache, miaka kadhaa baada ya maambukizi, ubongo na uti wa mgongo huanza kuharibika. Utathibitishaje kwamba kirusi hicho ndicho chanzo, ilhali kimo pia ndani ya jirani mwenye afya tele?

Kinaitwa kirusi cha Epstein-Barr. Kimo katika ukoo mmoja na kirusi cha tetekuwanga, na kama ilivyo kwa ukoo huo wote, kikishaingia mwilini hakitoki tena. Huenea kwa mate. Maskani yake ni seli B, zile seli nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kutengeneza kingamwili. Humo hulala kimya miaka nenda miaka rudi, na mara mojamoja huamka na kurudi kwenye mate.

Habari zake zilianzia kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, Dkt. Hugh Trowell alimwita mwenzake, daktari mpasuaji Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwa amewahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Muda mfupi baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alitupa jicho dirishani akamwona mtoto mwingine, yuko na mama yake, uso umevimba vilevile. Mtu mwingine angesema ni bahati mbaya ya watoto wawili. Burkitt alianza kufukua majalada ya zamani, akaandikia hospitali za mbali na karibu, na mwaka 1961 akafunga safari ya gari na madaktari wawili wenzake kutoka Uganda hadi Afrika Kusini, akiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewahi kuuona uvimbe huo kwenye picha alizobeba. Ramani iliyotokana na safari hiyo ilionyesha kwamba saratani ile hukaa kwenye nchi za joto na mvua, kule kule inakokaa malaria.

Machi 1961 Burkitt alitoa mhadhara London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo Anthony Epstein, mtafiti wa virusi vinavyoleta saratani kwa kuku. Saratani inayofuata mvua na joto ilimfanya ashuku kiumbe kinachoambukiza, akaomba vipande vya uvimbe viletwe kwa ndege kutoka Kampala. Kwa zaidi ya miaka 2 alivitazama kwa hadubini ya elektroni asione kitu. Tarehe 5 Desemba 1963 ukungu uliifunika London, na ndege iliyobeba sampuli ikaelekezwa Manchester. Sampuli ilipofika maabara jioni, majimaji ndani ya chupa yalikuwa yamechafuka. Majimaji yaliyochafuka kwa kawaida yana bakteria na humwagwa. Epstein aliweka tone chini ya hadubini ya kawaida kwanza, akaona seli za saratani zikielea moja moja, hai, zenye umbo safi. Tikisatikisa ya safari ndiyo iliyozibandua kutoka kwenye kipande cha nyama. Kutokana na chupa ile yeye na msaidizi wake Yvonne Barr walifaulu kuzikuza seli hizo maabara, na Februari 1964, pamoja na Bert Achong, mzaliwa wa Trinidad, wakakiona kirusi.

Lakini kukiona kirusi ndani ya uvimbe hakutoshi. Huenda kimekuja baadaye, kikakuta nyumba imekwisha bomoka. Huu ndio ugumu utakaotusumbua hadi mwisho wa makala haya, na dawa yake ni moja tu: kuwa na damu ya mgonjwa iliyotolewa kabla hajaugua. Bahati ilitoa damu ya aina hiyo mara ya kwanza mjini Philadelphia, katika maabara ya Werner na Gertrude Henle, mtu na mkewe. Msaidizi mmoja wa maabara alikuwa akitoa damu yake itumike katika vipimo, kwa kuwa haikuwa na kingamwili za kirusi hiki. Mwaka 1967 aliugua homa ya tezi, ile inayowapata vijana wa nchi za Magharibi kwa koo kuwasha, tezi kuvimba na uchovu wa wiki nyingi. Alipopimwa tena, kingamwili zilikuwa zimejaa. Mtu mmoja, damu ya kabla na ya baada, na chanzo cha homa ya tezi kikawa kimejulikana.

Kilichofanyika kwa bahati Philadelphia kilifanywa kwa makusudi mkoani West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Kuanzia mwaka 1972, kundi la watafiti lililoongozwa na Mfaransa Guy de-Thé lilikusanya damu ya watoto wapatao 42,000. Hawa walikuwa watoto wa kawaida wa vijijini, wazima. Seramu ikatenganishwa, ikagandishwa, kisha watafiti wakaanza kungoja. Naomba msomaji atafakari kungoja huko. Ilikuwa Uganda ya miaka ya sabini, na maelfu ya familia yalikuwa yamekubali watoto wao wachomwe sindano bila kuahidiwa tiba yoyote. Watoto wachache wakaja kupata saratani ya Burkitt, na seramu zao za zamani zikatolewa kwenye barafu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1978 yalionyesha kwamba kingamwili dhidi ya kirusi zilikuwa juu kupita kiasi muda mrefu kabla uvimbe haujajitokeza. Kwa maoni yangu, huo ni mmoja wa utafiti mkubwa kabisa wa tiba uliowahi kufanyika Afrika Mashariki, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanafunzi wetu wengi wa udaktari huhitimu bila kuusikia.

Sasa tuje ubongoni.

Upo ugonjwa ambao madaktari huuita MS kwa kifupi, yaani sklerosisi ya ubongo na uti wa mgongo. Nyuzi za neva zetu zimevikwa ala ya mafuta iitwayo mailini, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Katika MS, kinga ya mwili huishambulia ala hiyo, na ujumbe unaosafiri kwenye neva hupungua kasi au hukatika. Mgonjwa, mara nyingi mwanamke wa miaka 20 hadi 40, ataamka siku moja jicho moja limefifia, au mguu umekufa ganzi. Hali hutulia wiki kadhaa baadaye, kisha hurudi kwa sura nyingine. Watu karibu milioni 3 duniani wanaishi nao, na ni wengi zaidi kadiri unavyokwenda mbali na Ikweta. Waliohama kutoka Ulaya ya kaskazini kwenda Afrika Kusini wakiwa watoto walionekana kuupata kwa nadra kuliko waliohama wakiwa watu wazima. Kuna kitu, basi, kinachotokea ujanani na kuacha alama.

Alberto Ascherio wa Chuo Kikuu cha Harvard alikishuku kirusi cha Epstein-Barr kwa miaka mingi. Alijua kwamba waliougua homa ya tezi ujanani hupata MS zaidi ya wengine. Lakini ili kuthibitisha, alihitaji West Nile nyingine, na kwa kuwa MS ni nadra na kirusi kimeenea mno, West Nile hiyo ilipaswa kuwa kubwa ajabu. Aliipata katika jeshi la Marekani. Askari hupimwa VVU wanapojiunga, kisha kila baada ya miaka 2 hivi, na seramu inayobaki hugandishwa katika hifadhi ya jeshi jimboni Maryland. Hakuna aliyeiweka kwa ajili ya utafiti wa ubongo.

Kazi ya kuzichambua iliongozwa pamoja na Kjetil Bjornevik, kijana wa Kinorwe aliyekuja Harvard kama mtafiti wa baada ya uzamivu. Niseme neno kuhusu watu hawa, kwa sababu magazeti huwasahau. Mtafiti wa baada ya uzamivu amekwisha pata shahada yake ya juu kabisa, lakini bado hana maabara yake wala ajira ya kudumu. Huishi kwa mkataba wa miaka michache chini ya profesa. Mikono inayoshika mirija, na macho yanayokesha kwenye takwimu, mara nyingi ni yake.

Kundi hilo lilipitia kumbukumbu za askari zaidi ya milioni 10 waliotumikia kati ya 1993 na 2013. Walioonekana na MS wakiwa kazini walikuwa 955, na 801 kati yao walikuwa na sampuli za kutosha. Katika hao 801, mmoja tu ndiye ambaye damu yake ya mwisho kabla ya ugonjwa haikuwa na dalili ya kirusi. Penye ushahidi mzito zaidi ni kwa wale 35 ambao walijiunga na jeshi bila kirusi. Wote isipokuwa mmoja walikipata kabla ya kuugua, yaani asilimia 97, ilhali miongoni mwa askari wenzao wa umri na jinsia ileile waliolinganishwa nao, walioambukizwa katika kipindi hicho walikuwa asilimia 57. Ukokotoaji ulionyesha kwamba maambukizi huongeza uwezekano wa kupata MS mara 32. Kirusi cha saitomegalo, ambacho nacho huenea kwa mate, hakikuongeza lolote.

Mwenye shaka angeweza kusema: labda MS huanza kimyakimya, ikadhoofisha kinga, ndipo kirusi kikapata mwanya. Watafiti walilitarajia swali hilo. Nyuzi za neva zikivunjika, protini iitwayo nyurofilamenti huvuja na kuingia kwenye damu. Wakaipima katika seramu zilezile. Kabla ya maambukizi ilikuwa ya kawaida, ikapanda baada ya kirusi kuingia tu. Kirusi kilitangulia, madhara yakafuata. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Science, Januari 2022.

Mwezi huohuo, jarida la Nature likachapisha kazi ya Tobias Lanz, daktari wa neva kutoka Ujerumani aliyekuwa katika maabara ya William Robinson, Chuo Kikuu cha Stanford. Yeye alitaka kujua namna. Walichukua maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa 9 wa MS, wakatenga seli B moja moja, wakasoma jeni ya kingamwili ya kila seli, kisha wakazitengeneza kingamwili hizo upya maabara na kuzijaribu dhidi ya protini za virusi. Kingamwili moja ilishika protini ya kirusi iitwayo EBNA1. Ilipojaribiwa dhidi ya protini za binadamu, ikashika nyingine iitwayo GlialCAM, ambayo hupatikana kwenye seli zinazotengeneza mailini. Vipande vya protini hizo mbili vinafanana, na kinga iliyoelekezwa kwa kirusi ikaupiga ubongo. Hata hivyo kingamwili za namna hiyo zilipatikana kwa robo tu ya wagonjwa hivi, kwa hiyo haiwezi kuwa njia pekee. Jeni za kurithi zina sehemu yake, na uvutaji sigara una sehemu yake. Dawa za kisasa zinazopunguza seli B, kama okrelizumabu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017, huwasaidia wagonjwa wengi, na ikumbukwe kwamba seli hizo ndizo kirusi kinamolala. Majaribio ya awali ya chanjo kwa binadamu nayo yameanza.

Kwetu, karibu kila mtoto huambukizwa kirusi hiki katika miaka yake ya kwanza, mara nyingi bila hata homa. Kinachotutesa ni ile saratani ya taya, pale maambukizi ya utotoni yanapokutana na malaria isiyokoma. Katika wilaya ya Mara Kaskazini, Tanzania, watoto walipewa klorokwini kati ya 1977 na 1982 ili ionekane kama kuizuia malaria kutapunguza saratani. Saratani ilipungua, ingawa ilikuwa imeanza kushuka hata kabla. Kwa nini kirusi kilekile kimpe mtoto wa Jinja uvimbe na kijana wa Oslo MS? Umri wa kuambukizwa unaonekana kuwa sehemu kubwa ya jibu. Lakini tuwe waangalifu tunaposema MS haipo kwetu. Ugonjwa huu huthibitishwa kwa picha za MRI, na wapo wagonjwa wengi wanaoishi mbali na mashine hizo.

Wala hatukosi damu ya kuulizia. Rakai na Kyamulibwa nchini Uganda, na Kilifi nchini Kenya, watafiti wamekuwa wakifuatilia jamii nzima kwa miongo, na majokofu yao yana seramu zilizochukuliwa kwa ajili ya VVU, malaria na maradhi mengine. Askari wa Marekani nao walitoa damu kwa ajili ya VVU. Kinachohitajika ni fedha ya umeme na dizeli ya jenereta, kumbukumbu zinazotunzwa mwaka hadi mwaka, ridhaa ya wenye damu inayoheshimiwa kikamilifu, na watafiti wetu wa baada ya uzamivu wanaolipwa kiasi cha kutosha kubaki nyumbani. Bajeti za serikali zetu huliona jokofu la utafiti kama gharama ya kwanza kukatwa. Hilo ni kosa kubwa, kwa sababu seramu ikishayeyuka hairudishwi na bajeti ya mwaka unaofuata.

Wiki ijayo tutakwenda Wales, ambako tarehe ya kuzaliwa, 2 Septemba 1933, iliamua nani apate chanjo ya mkanda wa jeshi na nani aikose, na miaka 7 baadaye idadi ya wazee wenye ugonjwa wa kusahau ikatofautiana kati ya makundi hayo mawili.