Usikivu, Usikiaji na Kasoro ya Usemi

Kliniki ya chuo kikuu ambamo wanafunzi wa uzamili hutibu wagonjwa wakisimamiwa na walimu wao, baadhi ya wafasiri huiita 'kliniki ya usemi na usikivu'. Sisi twapendelea 'usikiaji'. Msikivu ni mtu ategaye sikio na kutii. Hata kiziwi aweza kuwa msikivu.

Lenye uzito zaidi ni istilahi 'kasoro ya usemi'. Kikuria, kisemwacho Tarime na sehemu za Serengeti, hakitenganishi r na l kama Kiswahili. Mtoto wa huko asemaye 'kurara' badala ya 'kulala' hana kasoro. Anafuata matamshi ya lugha yake ya kwanza. Mwalimu akiandika 'kasoro' katika barua ya rufaa, mtoto huyo atasafirishwa mbali kutibiwa asichougua, na mwenye kigugumizi atakosa nafasi. Wataalamu nao ni haba: mafunzo ya tiba ya usemi katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, yalianza mwaka 2008 tu.

Hali ya mtoto wa kwanza, basi, tuiite 'athari ya lugha ya kwanza'. 'Kasoro' imhusu yule ambaye Kikuria chenyewe kinamshinda kutamka, na hilo mzazi ndiye wa kuulizwa.