Kabla hujabeba kitanda cha maji, soma hii

Umewahi kuitwa kazi ya kuhamisha watu ukadhani ni sofa na friji tu? Mimi pia. Tangu niache chuo, vibarua vya mwisho wa mwezi ndivyo hunilipia kodi. Majuzi tulipanda hadi orofa ya tatu, Kileleshwa, tukaonyeshwa kitanda. Nikakibonyeza, kikacheza kama mawimbi. Kumbe ni kitanda cha maji, mwenyewe alikuja nacho kutoka Marekani.

Vitanda hivi si vya juzi. Charles Hall alikibuni mwaka 1968 akiwa mwanafunzi San Francisco, na miaka ya themanini vilivuma sana huko Marekani. Hapa kwetu ni nadra, ndiyo maana sisi wanne wote tulibaki kutazamana.

Jamaa mmoja akasema, "Si tutoboe tu?" Tulia kwanza, piga hesabu. Godoro kubwa la aina hii hubeba kama lita 750, mengine hata zaidi. Hiyo ni zaidi ya mitungi 37 ya lita 20, na uzito wake ni robo tatu ya tani. Ukitoboa, maji yanamshukia jirani wa chini na dipoziti ya mteja inaenda nayo. Malipo yako ya siku je? Sahau.

Basi siku ukiitwa wewe, anza na umeme. Vingi vina hita chini ya godoro. Izime, chomoa plagi kabouti ya maji kutoka, kwa sababu hita ikiwaka bila maji juu yake itaharibika na inaweza kuunguza godoro.

Kisha tafuta mpira mrefu wa maji. Ujaze maji pomoni, usiache hewa ndani, halafu funga ncha moja kwenye mdomo wa godoro. Ncha ya pili lazima iwe chini kuliko godoro. Hapo ndipo tulipochemsha. Tuliiweka kwenye sinki, ambayo iko juu kuliko kitanda, tukasubiri karibu saa nzima bila tone. Tulipoishusha kupitia roshani hadi kwenye mtaro, maji yakaanza kutiririka yenyewe. Yaani ile fizikia niliyokuwa nikisinzia darasani ilikuja kunidai.

Usiwe na haraka, kazi hii hula masaa. Mwambie mteja aanze usiku wa kuamkia siku ya kuhama. Na hata kama mtaa wenu maji ni ya mgao, usiyanywe wala kuyapikia, maana huwekwa dawa ya kuzuia ukungu. Choo kitayapokea vizuri.

Maji yakikatika, mengine hubaki ndani. Inua upande mmoja polepole yakimbilie mdomoni. Magodoro mengine yana nyuzi ndani za kutuliza mawimbi, kwa hivyo usiliburute wala kulikunja ovyo, zitajikusanya upande mmoja. Likiwa la kuwekwa stoo, acha dawa kidogo ndani, ufunge mdomo, ulihifadhi mbali na jua na vitu vyenye ncha kali.

Sisi tulimaliza saa mbili usiku badala ya saa nane mchana. Tulilipwa pesa zilezile tulizokubaliana asubuhi. Kwa hivyo wewe, kabla hujataja bei kwenye simu, uliza kwanza: "Unalalia godoro la aina gani?"