Kwa Nini Mkonga Unakwenda Upande

Fuata Land Cruiser kuukuu kwenye barabara ya vumbi inayoshuka kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, na mara nyingine utaona kioja: gari linasonga mbele huku limekaa mshazari, bega la kushoto limetangulia. Dereva mwenyewe analijua tatizo kwa sura nyingine. Akitaka kwenda moja kwa moja, usukani lazima aushike umelalia kushoto. Akifika Arusha ataomba alaimenti ya mbele, fundi atarekebisha fimbo za usukani mpaka unyooke, malipo yatafanyika, na ugonjwa utabaki ulipokuwa siku zote, yaani nyuma.

Mfululizo wa 70, ambao Toyota iliuanza mwaka 1984 na ambao kwetu wengi wanauita Mkonga kwa ajili ya lile bomba la hewa, hauna maajabu upande wa nyuma. Kwa kawaida ekseli moja nzima imefungwa kwenye springi mbili za bapa. Kila springi ni mapande ya chuma yaliyopangwa na kushikwa katikati na bolti moja nyembamba, senta bolti, ambayo kichwa chake huchomekwa kwenye tundu la kikalio cha ekseli. Wengi huamini kwamba bolti hiyo ndiyo inayozuia ekseli isirudi nyuma. Sivyo. Kazi yake ni kuonyesha mahali pa kukaa tu. Kinachoizuia ekseli ni msuguano, na msuguano huo unatokana na yubolti zinazoibana springi kwenye kikalio. Zikibana sawasawa, senta bolti haibebi karibu chochote.

Taabu inaanza yubolti zinapolegea. Mwaka 1969 mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alionyesha kwamba nati hulegezwa zaidi na mtikisiko wa kwenda na kurudi kiubavu kuliko ule unaoivuta bolti kwa urefu wake. Vitu viwili vilivyobanwa vikiteleza hata kidogo sana, msuguano wa thredi unapotea kwa nukta hiyo, na nati inajifungua yenyewe bila mkono wa mtu. Sasa fikiria barabara iliyojikunja mawimbi. Mawimbi yakiwa na nafasi ya sentimita 70, gari lenye mwendo wa kilomita 60 kwa saa linapigwa mara 24 hivi kila sekunde, zaidi ya mara 80,000 kwa saa moja. (Madereva hupenda kulaumu springi za malori kwa mawimbi hayo. Jaribio la Nicolas Taberlet, Stephen Morris na Jim McElwaine, lililochapishwa 2007, lilionyesha kwamba hata gurudumu lisilo na springi huyachonga mchangani, mradi mwendo uvuke kiwango fulani.)

Yubolti zikishalegea, mzigo wote unaiangukia senta bolti, ambayo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inachoka, inakatika, na ekseli inarudi nyuma upande mmoja. Hesabu yake ni nyepesi. Tuseme springi mbili ziko mita 1 mbali, na ya kushoto imeachia ekseli irudi milimita 10. Ekseli imepinda zaidi kidogo ya nusu digrii, kiasi ambacho jicho halikioni. Lakini Land Cruiser 79 ya kabini moja ina milimita 3,180 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo magurudumu ya nyuma yatapita karibu milimita 32 kando ya njia yake ya kawaida. Na kama usukani unahitaji digrii 18 kugeuza tairi digrii 1, dereva atausokota digrii 10 ili gari liende mbele. Huo ndio usukani wake uliopinda.

Kulipima hakuhitaji mashine. Egesha mahali tambarare, shusha timazi kutoka nukta mbili za chesisi zinazolingana kushoto na kulia, kisha kutoka ncha mbili za ekseli, na utie alama chini. Pima mishazari miwili kwa futi kamba, kama fundi ujenzi anavyohakiki msingi wa nyumba. Mishazari isipolingana, ekseli imehama. Kuna mtego mmoja: usinyooshe kamba kandokando ya tairi za nyuma hadi za mbele ukategemea iguse zote. Toyota ilipoweka injini ya V8 mwaka 2007 ilipanua nafasi ya magurudumu ya mbele, ya nyuma ikabaki nyembamba kwa karibu milimita 95. Kamba itakudanganya kwa zaidi ya sentimita 4 kila upande, na utakwenda kunyoosha ekseli isiyo na kosa. Mishazari haidanganyiki, kwa sababu umbo lenye upande mmoja mpana bado lina mishazari sawa likiwa halijapinda.

Kurudisha ni kazi ya subira. Weka kabari kwenye tairi za mbele, simamisha chesisi kwenye stendi imara (mawe na matofali ni kujitafutia msiba), ubebe ekseli kwa jeki, ndipo ufungue yubolti. Ekseli ivute kwa mkanda wa kufungia mizigo uliofungwa kwenye chesisi, polepole, mpaka kichwa cha senta bolti mpya kiangukie tunduni. Kama tundu na kichwa vinapishana kidogo, chomeka mtaimbo mwembamba na usukume. Usichomeke kidole kuangalia kama vimelingana. Chuma kikiruka, hakikuulizi.

Mbele, kwenye matoleo ya tangu 1999 yenye koili, kinachosumbua ni ile fimbo ya mshazari inayozuia ekseli isiende pembeni. Ukiifungua, tundu lake halirudi. Hapo msaada uko kwenye usukani. Tairi zikiwa ardhini, mwenzako akiuzungusha kidogo, fimbo ya usukani inasukuma tairi zilizong'ang'ania udongo, na kwa kuwa hizo hazisogei, bodi ndiyo inayosogea. Tundu linajileta lenyewe kwenye bolti.

Kosa linaloharibu kazi nzuri ni kukaza bolti za bushi gari likiwa bado hewani. Bushi ya mpira iliyogandishwa kwenye bomba lake haizunguki, inajisokota. Ukiikaza ekseli ikiwa inaning'inia, utakaposhusha gari mpira utakuwa umeshasokotwa kabla hata hujaondoka, na utachanika mapema. Shusha gari kwanza, litikise, ndipo ukaze.

Yubolti nunua mpya. Zile za zamani zilishavutwa, na chuma kilichovutwa kupita uwezo wake hakirudi kubana kama awali. Kaza kwa mshazari, kidogokidogo, kwa kipimo cha kitabu cha gari, na ukaze tena baada ya kilomita mia chache, kwa sababu rangi na kutu kati ya mapande vitakuwa vimesagika na nafasi kupatikana. Baada ya hapo ndipo alaimenti ya mbele ina maana, na fundi uliyemlipa mara ya kwanza atakuta fimbo alizozigeuza zinataka kurudishwa zilipokuwa.