Hereni za Idi: Tutazame Kilichomo Chini ya Rangi

Baada ya Idi iliyopita, wazazi kadhaa wa msikiti wetu walitueleza jambo moja: mabinti walivishwa hereni mpya, na baada ya siku chache ndewe zikawasha, zikavimba na kutoa maji. Tulidhani ni uchafu wa tundu. Lakini hali kama hiyo huweza kuletwa na nikeli, madini yanayowekwa chini ya rangi ya dhahabu ili hereni ing'ae.

Dhahabu ya kuchovya ni utando mwembamba mno. Jasho na msuguano huula, nikeli ikaigusa ngozi. Mwili ukishaanza kuikataa, mzio huo kwa kawaida hudumu maisha yote. Ndiyo maana sheria za Ulaya zimeweka kikomo cha nikeli inayoweza kutoka katika hereni.

Basi tuchague vipi? Sikio lililotogwa karibuni livishwe titani, au dhahabu ya njano ya karati 18, ambayo robo tatu yake ni dhahabu tupu. Sikio lililopona laweza kuvaa fedha yenye alama ya 925, yaani sehemu 925 za fedha katika 1,000. Za kuchovya zivaliwe saa chache tu, zivuliwe kabla ya kuoga na kulala. Mwenye mzio aziache kabisa.

Nanyi ndugu wauzaji, mnunuzi akiuliza, mwambieni kilichomo. Kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na maumivu yake huyabeba mtoto.