Joho Jekundu la Kirongozi

Wasomi wenzangu, kipindi cha fildi kinakaribia na suti zimeshaanza kuazimwa mabwenini. Si vibaya. Ila mimi ninayesoma hapa Tabora naona suala la mwonekano wa meneja lilishapata jibu kwenye udongo huuhuu, kabla vitabu vyetu vya menejimenti havijaandikwa.

Karne ya 19 Tabora ilikuwa kituo kikuu cha misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Mizigo ilibebwa na wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwingereza Richard Burton alipofika hapa Novemba 1857 alikuwa ametumia siku 134 kutoka pwani. Hebu fikiria kuongoza mamia ya watu kwa muda wote huo, bila simu wala polisi.

Mbele ya msafara alitangulia kirongozi, jina lililo ndugu wa neno letu kiongozi. Alivaa joho jekundu na manyoya kichwani, na mzigo wake ulikuwa mwepesi. Nadhani haikuwa mbwembwe tu. Msafara ukinyooka porini, aliye mbele lazima aonekane. Hapo ndipo taswira ya meneja ina maana: inamsaidia mfanyakazi kujua amfuate nani.

Lakini joho halikuonyesha njia. Kirongozi alipaswa kujua maji yako wapi na watu watalala wapi. Palipokutana njia nyingi, zile za kuepukwa zilifungwa kwa kijiti au kwa mstari uliochorwa kwa mguu, ili aliyechelewa asipotee. Siku hizi tunaita mawasiliano ya kiutendaji. Meneja anayejua njia halafu akanyamaza nayo, huyo hajaongoza mtu.

Kisha kuna posho. Ikicheleweshwa, au mzigo ukizidi, wapagazi walitua mizigo chini na kugoma, wengine wakatoroka usiku. Hapo joho lingefanya nini? Sisi tunaojua maisha ya chuo boom likichelewa hatuhitaji mhadhara kuhusu hilo.

Mwaka 1960 Douglas McGregor, msomi wa Marekani, alieleza mitazamo miwili ya mameneja. Nadharia X inaamini mtu ni mvivu, asukumwe. Nadharia Y inaamini mtu atajituma akiheshimiwa na kupewa wajibu. Wasafiri wengi wa Ulaya waliwaandika wapagazi kama wavivu, na baadhi wakashika viboko. Ilhali kwa vijana wa Kinyamwezi kwenda pwani na mzigo ilikuwa heshima ya kiume. Watu walewale, macho tofauti.

Sisemi njia ile ilikuwa pepo. Watumwa nao walipitishwa humohumo, kwa minyororo. Ndiyo maana tuchague kwa makini tunachorithi.

Kwa hiyo, ukipewa hata watu watatu wa kuwasimamia, vaa vizuri, fika mapema, ongea kwa adabu. Halafu jiulize: kazi yenyewe naijua? Wa nyuma wanajua njia ipi isifuatwe? Haki yao wameipata kwa wakati? Ukijibu hapana, nenda karekebishe hilo kwanza. Tai utafunga baadaye.