JUU YA MASKI ZA OKSIJENI NDANI YA NDEGE



Mabishano yamekuwa mengi kwa interna juu ya neno moja wanalotangaza ndani ya ndege kubwa mbele ya kuruka: kwamba maski ya oksijeni ikianguka, mama avae yake kwanza, kisha amvalishe mtoto. Wengine wanasema ile ni sheria ya choyo, tena inapingana na yale tunayofundishwa kila asubuhi kwa ibada. Mmoja alisema wazi: «Mama yangu hawezi kufanya vile hata siku moja.» Nafikiri wale wanaosema hivyo hawajaelezwa kinachotokea kwa mwili wa mtu kule juu. Nitaeleza, na ninyi mtapima wenyewe.

Tuanze na hewa. Watu wengi wanazani ukipanda juu sana oksijeni inaisha. Hapana. Hata juu ya Karisimbi sehemu ya oksijeni katika hewa ni ile ile, karibu 21 kwa 100. Kinachopungua ni uzito wa hewa, yaani ile nguvu inayosukuma oksijeni ipite kutoka mapafu mpaka ndani ya damu. Kwenye mita 5.500 nguvu hiyo imebaki nusu ya ile ya pwani ya bahari. Kwenye mita 10.700, ambako ndege kubwa zinapita (watu wa ndege wanasema futi 35.000), imebaki karibu robo tu. Unaweza kuvuta pumzi namna unavyotaka, damu haipati kitu cha kutosha.

Ndiyo maana ndege kubwa inafungwa sawa sufuria yenye kifuniko, na mashini zinasukuma hewa ndani. Sheria za Marekani na za Ulaya zinaagiza kwamba katika safari ya kawaida hewa ya ndani isiwe nyepesi kupita ile ya mita 2.438, yaani futi 8.000. Hiyo ni karibu sawa na hewa ya mji wa Addis-Abeba. Masikio yataziba, pengine kichwa kitauma kidogo, ni hayo tu.

Ubaya unakuja kama sufuria inatoboka, ao kama mashini ya hewa haifanyi kazi. Wanganga wa mambo ya anga wamepima muda ambao akili ya mtu bado inaweza kumsaidia. Kwenye futi 25.000 ni dakika 3 mpaka 5. Kwenye futi 35.000 ni sekunde 30 mpaka 60. Kwenye futi 40.000 ni sekunde 15 mpaka 20. Angalieni vizuri: huu si muda wa kufa. Ni muda ambao bado unajua kushika kitu kwa mkono na kukivaa. Ukipita, macho yanaweza kuwa wazi lakini mtu hayupo tena.

Na neno baya kupita yote, mtu hajui kama anapotea. Hasikii kukabwa koo sawa yule aliyezama mu maji. Mara nyingi anasikia vizuri, anacheka, anajiona hodari, sawa mtu aliyekunywa kasiksi (nasema nilivyosikia kwa wanaokunywa). Makucha yanageuka rangi ya buluu, hesabu ndogo ya kutoa inamshinda, na yeye anasema yuko sawa tu.

Sasa rudieni kwa mama yetu na mtoto. Tuseme wako futi 35.000 na ana sekunde 30. Akianza na mtoto, na mtoto analia, anageuza kichwa, anavuta kamba, sekunde 20 zinakwenda. Mama anabaki na 10, na vidole vimeanza kukosa nguvu. Kama analegea mbele ya kuvaa yake, mtoto anabaki peke yake na kamaski ambako atakatoa mara moja, kwa sababu kanamsumbua. Hapo wamepotea wawili. Akianza na yake, anatumia sekunde 5. Hata kama mtoto amezimia kwa muda ule mfupi, mama ana akili timamu, anamvalisha, na mtoto anaamka. Msamaria Mwema mwenyewe, kama angelianguka njiani mbele ya kumfikia yule aliyepigwa, nani angeliwabeba? Mimi sioni choyo pale.

Sheria zenyewe zinasema nini? Maski za abiria zinapashwa kuanguka zenyewe mbele hewa ya ndani haijapita ile ya futi 15.000, ni mita 4.572. Karisimbi ina mita 4.507, kwa hiyo ni karibu hewa ya kilele chake. Katika ndege nyingi chombo kinafungua mapema, kwenye futi 14.000. Tena hesabu ya maski inapashwa kupita hesabu ya viti kwa 10 kwa 100, nazo zitawanywe katika ndege yote. Ndege ya viti 150 iwe na maski zisizopungua 165. Kwa nini zile 15? Kwa sababu kuna watoto wanaopakatwa, na kuna wahudumu wanaosimama njiani na kigari cha chai wakati jambo linapotokea.

Marubani wana zao za namna nyingine. Ya rubani inapashwa kuvaliwa kwa mkono mmoja katika sekunde 5. Wakisha kuvaa, wanaelekeza ndege chini mpaka futi 10.000, mahali mtu anapumua bila chombo. Kutoka juu kabisa kazi hiyo inachukua kama dakika 4 ao 5. Ndiyo maana sheria inataka oksijeni ya abiria ifike angalau dakika 10, na visanduku vya ndege nyingi vinatoa dakika 12 mpaka 22. Wengi wanacheka wakisikia dakika 12: «Dakika 12 kwa safari ya saa nane?» Ile oksijeni si ya safari. Ni ya kushukia tu. Ndege zinazopita juu ya milima ya Tibet ao ya Andes haziwezi kushuka upesi, mlima uko chini yake, kwa hiyo zinabeba oksijeni nyingi zaidi, mara nyingi ndani ya chupa za chuma.

Visanduku nilivyotaja vinastahili kusimuliwa. Walio na somo la shimi wanakumbuka namna ya kupata oksijeni: kupasha moto klorati ya potasiumu na bioksidi ya manganezi. Juu ya kichwa cha abiria kuna ndugu wa jaribio lile. Ndani ya mkebe wa chuma kuna klorati ya sodiumu iliyoshindiliwa pamoja na unga wa chuma. Unapovuta maski, kamba inachomoa pini, kijiko kidogo cha baruti kinapigwa, klorati inaanza kuwaka polepole na kutoa oksijeni. Kinachobaki ni chumvi, ile ile ya mezani: 2 NaClO3 → 2 NaCl + 3 O2. Mkebe hauna bomba la kutunza wala saa ya kusoma, unakaa miaka mingi bila kazi na siku moja unafanya kazi. Lakini ukisha kuwaka hauzimiki, na ngozi yake ya nje inaweza kufika digri 260 hivi. Kwa hiyo abiria akisikia harufu ya kitu kinachoungua, asiogope, ni vumbi juu ya mkebe. Na kama kifuko cha maski hakivimbi, oksijeni inatoka hata hivyo. Wanalitangaza kila safari, na watu hawasikilizi.

Ukiivuta moja, zote za mstari wako zinaanza. Usipoivuta, katika ndege nyingi za namna hiyo haitoi kitu. Na ifunike pua pamoja na kinywa. Tarehe 17 Aprili 2018 mashini ya ndege moja ya Southwest ilipasuka juu ya Marekani, dirisha likavunjika, mama mmoja akafariki. Abiria mmoja alipiga picha ndani ya ndege: watu wengi wamevaa kwa kinywa tu, pua iko inje. Walikuwa watu waliozoea ndege kuliko sisi.

Mkebe unaookoa juu ya kichwa unaweza kuua chini ya miguu. Tarehe 11 Mei 1996 ndege DC-9 ya kampuni ValuJet, safari 592, iliruka kutoka Miami kwenda Atlanta. Katika chumba cha mizigo cha mbele kulikuwa makartoni 5 ya mikebe ya oksijeni iliyotolewa katika ndege zingine kwa sababu muda wake umepita. Muda ulipita kwa karatasi, lakini klorati ilikuwa ingali ndani. Kuna kifuniko kidogo cha plastiki kinachopashwa kuwekwa juu ya pini ili isipigwe. Hakikuwekwa. Na juu ya karatasi ya mizigo iliandikwa kwamba mikebe ni mitupu. Mmoja uliwaka, ukawasha mwenzake, na matairi ya ndege yalikuwa pale pale. Moto unaopewa oksijeni hauna haja ya hewa ya inje. Dakika kama 10 nyuma ya kuruka, ndege iliingia katika maji ya matope ya Everglades, na watu wote 110 wakafa.

Nimefikiri sana juu ya yule aliyeandika «mitupu». Sizani alikuwa mtu mubaya. Aliona kitu kimepita muda, akasema kimekwisha. Nyuma ya ajali Marekani ilikataza mikebe ya namna hiyo kubebwa kama mzigo katika ndege za abiria, na mwaka 1998 ikaagiza vyumba vya mizigo vya namna ile viwekewe vyombo vya kuona moto na kuuzima.

Ajali ya pili inaonyesha mpaka wa maski yenyewe. Tarehe 14 Agosti 2005 ndege Boeing 737 ya Helios iliondoka Larnaca, Kupro, kupitia Athene kwenda Prague. Usiku mafundi walikuwa wamepima kama hewa inavuja, na kwa kupima waliweka kifungo cha hewa upande wa mkono. Kilibaki vile. Marubani hawakukiona. Ndege ilipanda na hewa ya ndani ikapanda nayo. Honi ililia, lakini ilikuwa honi moja yenye maana mbili: chini inasema ndege haijatayarishwa kuruka, juu inasema hewa inapungua. Wao walisikia maana ya kwanza. Walizungumza na fundi kwa radio, maneno yakawa yenye kuchanganyikana, kisha kimya. Nyuma, maski zilianguka jinsi sheria inavyotaka. Abiria walivaa. Lakini hakuna aliyeshusha ndege, ikaendelea mpaka futi 34.000 yenyewe, na mikebe ikamalizika kwa dakika 12 hivi. Ndege za vita za Ugiriki ziliisogelea na kuona maski zinaning'inia. Mhudumu mmoja, Andreas Prodromou, aliyekuwa na chupa ya mkono ya oksijeni, alionekana akiingia kwa kiti cha rubani, lakini mafuta yalikuwa yanaisha. Wote 121 walikufa karibu na Grammatiko. Mwaka 2011 Marekani iliagiza ndege 737 za aina zile ziwekewe taa mbalimbali, ili honi isiwe na maana mbili tena.

Juu ya moshi, msichanganye. Moshi ukiingia ndani, maski za abiria haziangushwi. Zinachanganya oksijeni na hewa ile ile ya chumba, kwa hiyo utavuta moshi pamoja, na oksijeni inayovuja italisha moto. Ya rubani inafunga vizuri na kumpa oksijeni tupu. Oksijeni yenyewe haiungui, lakini inafanya vingine viungue kwa ukali. Masuderi wa mujini wanajua: hawashiki chupa ya oksijeni na mikono yenye mafuta. Mgonjwa mwenye chupa yake ndogo hawezi kuipandisha kwa kupenda kwake. Kampuni ikubali kwanza, na chupa isipite kilo 5. Marekani hawaruhusu hata hiyo, ila mashini ndogo za umeme zinazochuja oksijeni kutoka hewa.

Na ndege zetu ndogo? Cessna Caravan ao Let 410 hazifungwi hewa, kwa hiyo hakuna maski ya kuanguka. Hapo inatawala sheria ya OACI, na Kongo ni mmoja wa memba wake. Rubani akikaa juu ya mita 3.000 kupita dakika 30, kuwe oksijeni kwa wanaoendesha na kwa abiria 10 kwa 100. Akipita mita 4.000, kuwe kwa kila mtu, hata kwa dakika moja. Ruwenzori ina mita 5.109. Basi ukipanda kandege ka misioni na kuona rubani anauzunguka mlima mahali pa kupita juu yake, usimwambie kwamba anapoteza mafuta bure.